Kinachoua tarakilishi ya nyumbani si uzee

NINALO daftari moja kubwa ambalo familia yangu hulicheka. Nilianza kuliandika mwaka wa 2001, siku niliyonunua tarakilishi yangu ya kwanza: mtumba kutoka Uingereza, yenye kumbukumbu ya megabaiti 64, programu endeshi ya Windows 98, na kiwambo kilichohitaji watu wawili kukipandisha hadi orofa ya tatu. Tangu siku hiyo kila kifaa kinachoingia nyumbani kwangu, kiwe tarakilishi, modemu, ruta, printa au waya, huandikiwa tarehe ya kununuliwa, bei, magonjwa yake na tarehe ya kufa. Ni tabia ya mhariri. Hatuachi kitu kipite bila tarehe.

Ukilipitia daftari hilo kutoka mwanzo, jambo moja hujitokeza. Hakuna tarakilishi hata moja iliyonifia kwa kutumiwa sana. Zilizokufa ziliuawa, na wauaji ni wale wale: umeme, joto, vumbi na unyevu. Isitoshe, mara nyingi kilichoharibika hakikuwa tarakilishi yenyewe bali kijisehemu cha bei ya chini ambacho mwenye kifaa hakukijua, akatupa mzima pamoja na mgonjwa. Katika makala haya nitaeleza yale ambayo miaka hii imenifunza, kwa manufaa ya msomaji ambaye hana fundi wa kumpigia simu kila wiki.

UMEME UNAPORUDI

Umeme wa nyumbani nchini Kenya ni wa volti 240 na hezi 50. Hivyo ndivyo inavyosema karatasi. Soketini mambo ni mengine, hasa katika mitaa na vijiji ambako wateja wengi hutegemea transfoma moja. Wengi wetu huamini kuwa kinachodhuru vifaa ni kupotea kwa umeme. Kupotea hudhuru kazi ambayo hukuwa umeihifadhi, na pengine diski iliyokuwa katikati ya kuandika. Kinachoua vifaa ni kurejea kwake. Umeme unaporudi mtaani, majokofu, pampu za maji na mota zote zilizoachwa zikiwa zimewashwa huamka kwa pamoja, kila moja ikivuta umeme mwingi kuliko inaouhitaji ikishatulia. Kwa dakika chache za kwanza umeme huyumba, hukatika tena, kisha hurudi kwa kishindo. Kile kisanduku cha chuma kilicho nyuma ya tarakilishi, kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani, ndicho hubeba mapigo hayo yote.

Waliokuwa watu wazima mwaka wa 2000 wanaukumbuka mgao wa umeme uliotokana na ukame, maji ya mabwawa yalipopungua na mitaa ikawa inazimwa kwa zamu. Baadaye tulidhani shida hizo zimepita. Hata hivyo, Juni 7, 2016, tumbili mmoja aliangukia transfoma katika kituo cha Gitaru, kwenye mto Tana, na nchi nzima ikabaki gizani kwa saa kadhaa. Agosti 25, 2023, giza lilitanda tena karibu nchi nzima, safari hii bila tumbili. Usiku huo wa 2023 jirani yangu alipoteza televisheni na ruta umeme uliporejea. Mimi sikupoteza kitu, wala sikuwa na mtambo wowote wa maana. Nilichomoa plagi zote mara tu taa zilipozimika, nikazirudisha robo saa baada ya taa kuwaka. Kinga hiyo haina bei.

Kwa anayeweza kugharimia zaidi, UPS ni kifaa cha kununua kabla ya kufikiria prosesa ya kasi. Ndani yake mna betri ya asidi na risasi, aghalabu ya volti 12, na betri hiyo huishi miaka mitatu hadi mitano hivi. Hapa ndipo watu hukosea. UPS ikianza kuzimika papo hapo umeme unapopotea, huitupa, ilhali kilichochoka ni betri pekee, nayo huuzwa kivyake katika maduka ya barabara ya Luthuli jijini Nairobi na katika miji mingine mingi. Joto ndilo huichosha haraka: kila nyuzijoto kumi zinapoongezeka juu ya kiwango chake cha kawaida, umri wa betri hupungua kwa takriban nusu. Kwa hivyo UPS iliyosukumwa nyuma ya jokofu au kando ya dirisha la jua la alasiri isitarajiwe kuishi.

Kosa jingine ni kuamini nambari iliyo sandukuni. UPS iliyoandikwa 650 haitoi wati 650. Uwezo wake halisi huwa karibu wati 360 hadi 390. Ukiichomekea printa ya leza, ambayo huweza kuvuta karibu wati elfu moja inapopasha joto, italia na kuzima kila kitu. Printa na iende ukutani. Ruta, kwa upande mwingine, hula wati kumi hivi tu, na UPS ile ile inayoihimili tarakilishi kwa dakika kumi huweza kuiweka ruta hai kwa zaidi ya saa nzima. Katika miaka ya hivi karibuni kumekuja vijisanduku vidogo vya betri vilivyotengenezwa mahsusi kwa ajili ya ruta. Nimekuwa nacho kimoja tangu 2021 na sijajuta.

Kuhusu zile soketi za kukinga mawimbi ya umeme, niseme wazi kwamba nyingi ninazoziona majumbani ni pambo. Kikinga hicho hufanya kazi kwa kuyaelekeza mawimbi ya ziada ardhini kupitia waya wa tatu. Nyumba ikiwa haina waya wa ardhi, na zipo nyingi za aina hiyo, hasa za zamani na zile zilizowekewa umeme kwa haraka, wimbi hilo halina pa kwenda. Dalili ni rahisi: ukigusa chuma cha tarakilishi kwa mgongo wa kidole na uhisi kama sisimizi wanatembea, mwite fundi wa umeme kabla ya fundi wa tarakilishi. Aidha, vikinga hivyo huchakaa. Kila wimbi kinalolizuia hukipunguzia nguvu, na siku moja hubaki kuwa ekstensheni ya kawaida yenye taa nzuri.

RADI YA APRILI

Nyumbani kwa wazazi wangu ni katika milima ya Gusii, na eneo zima linalozunguka Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu za dunia zenye ngurumo nyingi zaidi. Mnamo 2006, marehemu mama alipoanza kudhoofika, nilikaa naye kwa likizo yangu yote nikimrekodi akisimulia maisha yake: ujana wake, ndoa yake, majina ya mashamba ambayo siku hizi hayaitwi tena kwa majina hayo. Zilijaa kanda kumi na moja. Niliziingiza zote katika tarakilishi tuliyokuwa tumeiweka pale nyumbani, kisha, kwa kuwa nilijiona mtu mwangalifu, nikanakili kila kitu kwenye diski ya nje. Kanda zenyewe, tukidhani kazi imekwisha, tulimpa jamaa mmoja wa kwaya, naye akazirekodia nyimbo juu yake.

Aprili 2007, katikati ya masika, radi ilipiga karibu na boma. Haikuingia kupitia waya wa umeme. Tarakilishi ilikuwa imezimwa swichini. Iliingia kupitia waya wa simu. Modemu iliyeyuka, ubao mkuu ambao mafundi huuita madabodi ukaungua, na diski kuu pamoja nao. Diski ya nje ilikuwa imechomekwa pale pale, nayo ikaenda.

Nilizipeleka diski zote mbili kwa mafundi watatu. Mmoja alifaulu kuifanya moja izunguke kwa kubadilisha kibao chake cha nje, lakini haikusomeka. Kilichosalia kwa saa zote zile za sauti ya mama ni dakika arobaini ambazo nilikuwa nimezichoma kwenye sidii kwa ajili ya dada yangu aliye Eldoret. Mama aliaga dunia mwaka huo huo, kabla sijapata nafasi ya kumrekodi upya.

Nimeyaeleza haya kwa sababu hitilafu hii ningali ninaiona kila mahali. Nakala iliyo katika chumba kimoja na asili yake, ikinywa umeme wa soketi moja, haijawa nakala. Wanaohifadhi kumbukumbu kitaaluma wana kanuni nyepesi: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja kati yake iwe mbali na nyumba. Iliyo mbali yaweza kuwa katika hifadhi ya mtandaoni au katika kabati la shangazi. La msingi ni kwamba moto, mwizi au radi isizifikie zote kwa siku moja. Tena diski ya nakala huchomolewa mara kazi inapokwisha.

Siku hizi nyaya za simu za shaba zimetoweka katika sehemu nyingi za nchi, nyingine zikiwa zimeibwa kwenye nguzo. Faiba, kwa kuwa ni kioo, haipitishi umeme, na kwa hilo ni salama kuliko shaba. Hata hivyo ruta ya faiba bado ina waya wa chaja uliochomekwa ukutani, na antena iliyo juu ya paa bado ni mlango. Mvua ikianza kunguruma, chomoa.

JOTO, VUMBI NA CHUMVI

Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kwa takriban asilimia 16 kuliko ile ya pwani, na hewa nyepesi hubeba joto kidogo. Baridi ya Julai hutufanya tusahau jambo hilo, lakini feni za tarakilishi huku bara hufanya kazi ngumu, hususan kati ya Januari na Machi vumbi linapotimka. Nimewahi kuifungua tarakilishi iliyokuwa ikizimika yenyewe kila baada ya nusu saa nikakuta zulia zima la vumbi juu ya prosesa. Nilipulizia, nikabadilisha ile dawa nyeupe inayokaa kati ya prosesa na chuma chake cha kupoza, ambayo hukauka baada ya miaka kadhaa, na tarakilishi ikaishi miaka mingine minne. Tahadhari moja: unapopuliza, zuia feni kwa kidole isizunguke ovyo. Na kipakatalishi kisitumiwe juu ya blanketi, kwa maana matundu yake ya kupumulia mengi yako chini.

Nilipohamishiwa Mombasa kwa miaka sita nilikutana na adui mwingine. Kule feni hazisumbuliwi sana na wepesi wa hewa bali na unyevu na chumvi, ambayo hula miguu ya chuma ya kila kijisehemu. Asubuhi moja tarakilishi yangu ilikataa kuwaka, ikawa inalia milio mitatu mirefu. Fundi mmoja wa makamo aliichomoa kumbukumbu, akaomba kifutio cha penseli, akasugua meno yake ya rangi ya dhahabu hadi yakang'aa, akairudisha. Ikawaka. Hakunitoza chochote, ila aliniambia ninunue kifutio changu. Tiba hiyo nimeitumia mara nyingi tangu wakati huo, na ndiyo ya kwanza ninayoijaribu tarakilishi inapolia badala ya kuwaka.

Wadudu nao wana sura yao katika daftari. Ruta huwa na vuguvugu usiku kucha, na sisimizi hulipenda. Mjusi mmoja alijipenyeza ndani ya kisanduku cha umeme akaunganisha alipokatazwa. Alikufa yeye na kisanduku pamoja. Matundu yasiyo na kazi nyuma ya tarakilishi yafunikwe.

Kuna vifo viwili vya bandia ambavyo kila mwenye tarakilishi anafaa kuvijua. Cha kwanza ni kapasita, ile mikebe midogo iliyosimama wima juu ya madabodi. Madabodi nyingi zilizotengenezwa kati ya mwaka wa 1999 na 2007 zilipewa kapasita zenye maji mabovu ndani yake. Zilivimba vichwa na kuvuja, tarakilishi zikawa zinajizima ovyo. Hazikuhitaji kutupwa, kwa kuwa fundi mwenye chuma cha kulehemu alizibadilisha kwa bei ya chakula cha mchana. Cha pili ni betri ya duara inayofanana na sarafu, ya volti 3, yenye nambari 2032. Hiyo ndiyo hutunza saa ya tarakilishi inapozimwa. Ikiisha, tarehe hurudi nyuma miaka mingi, na tovuti za benki na barua pepe hukataa kufunguka, kwa kuwa vyeti vya usalama vya tovuti hizo huonekana kama bado havijaanza kutumika. Nimemwona mtu akinunua tarakilishi mpya kwa sababu ya betri hiyo.

KUTOKA MODEMU HADI FAIBA

Kijana wa leo hawezi kuamini tulivyosubiri. Modemu ya simu ilikuwa na kasi ya juu ya kilobiti 56 kwa sekunde, ambayo kwa nadharia ilimaanisha wimbo mmoja wa megabaiti tano ungechukua dakika kumi na mbili, na kwa vitendo nusu saa, iwapo hakuna aliyeinua simu sebuleni. Safari yenyewe ya data ilipitia setilaiti iliyo karibu kilomita 36,000 angani, hivyo kila swali na jibu lake vilichukua takriban nusu sekunde hata pale laini ilipokuwa nzuri. Mambo yalibadilika mwaka wa 2009, mkonga wa baharini wa TEAMS ulipofika Mombasa kutoka Fujairah mwezi Juni na ule wa SEACOM ukaanza kazi mwezi Julai. EASSy ulifuata mwaka wa 2010.

Mkonga ulipotua, tatizo lilihamia ndani ya nyumba. Nyumba zetu za Nairobi zimejengwa kwa mawe na zege yenye nondo, na kuta za nyumba kongwe za Mombasa na Lamu ni za mawe ya matumbawe, nene ajabu. Mawimbi ya waifai ya gigahezi 5 ni ya kasi lakini huchoka ukutani upesi. Yale ya gigahezi 2.4 hupenya zaidi, ila yana msongamano wa majirani. Mwenye kulalamika kuwa mtandao wake ni duni aanze kwa kuitoa ruta nyuma ya televisheni, sakafuni au kabatini, na kuiweka juu, katikati ya nyumba. Kwa chumba cha mbali, waya bado ni bora kuliko kifaa chochote cha kurudufu mawimbi.

Waya wenyewe, hata hivyo, uchunguzwe. Unaostahili huwa na nyuzi nane za shaba zilizosokotwa mbili mbili, na huweza kufika mita 100. Mnamo 2014 nilinunua boksi zima kwa bei iliyonifurahisha. Baada ya miaka mitatu viungo vilianza kukatika kimoja kimoja. Nilipokwaruza uzi kwa kisu, chini ya wekundu mlikuwa mweupe: alumini iliyopakwa shaba. Siku hizi sinunui kabla ya kukwaruza, na mwenye duka akikataa ninaondoka.

Ruta nazo hutupwa bila hatia. Dalili inayojulikana sana ni ruta inayojizima na kujiwasha yenyewe, au inayokata mtandao kila jioni. Kabla ya kuilaumu, au kumlaumu mtoa huduma, badilisha chaja yake. Chaja hiyo ndogo ndiyo inayopokea mapigo ya umeme wa ukutani, na hufa mapema kuliko ruta. Mpya lazima iwe na volti zile zile na mpangilio ule ule wa chanya na hasi kama ilivyochorwa kwenye kibandiko. Ampea zinaweza kuzidi lakini zisipungue. Katika daftari langu nina ruta mbili zilizofufuka kwa njia hiyo, moja niliiokota kwenye takataka za ofisi.

Upo lakini uzee ambao kifutio hakiuponyi, nao ni wa programu. Mwaka wa 2018 iligunduliwa kwamba virusi vilivyoitwa VPNFilter vilikuwa vimeingia katika ruta na vifaa vya kuhifadhia data zaidi ya 500,000 katika nchi 54. Wenye ruta wengi walikuwa hawajawahi kubadilisha neno la siri lililotoka kiwandani. Ruta ambayo mtengenezaji wake ameacha kuitolea masahihisho inaweza kuwa na afya ya mwili na bado ikawa mlango wazi. Windows XP iliachwa hivyo Aprili 8, 2014, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma Oktoba 14, 2025. Tarakilishi nyingi nzuri zitatupwa kwa sababu ya tarehe hiyo ya pili. Kipakatalishi changu cha 2010 nilikiondolea diski ya kuzunguka nikakitia ya elektroniki isiyo na kitu kinachosogea, nikaweka mojawapo ya programu endeshi nyepesi za Linux, na bado ndicho ninachohariria kazi za jioni. Sijawahi kutumia pesa vizuri kuliko siku hiyo. Ila diski hizo za elektroniki zisigeuzwe ghala: zikiachwa miaka mingi bila umeme huweza kusahau kilichomo.

Kifaa kikifa kweli, kisipewe anayekusanya vyuma ili achome nyaya apate shaba. Viwambo vile vizito vya zamani vina zaidi ya kilo moja ya risasi katika kioo chake. Jijini Nairobi kipo kituo cha WEEE Centre, kilichoanzishwa mwaka wa 2012, ambacho hupokea na kutenganisha taka za aina hiyo. Toa diski kwanza, uifute au uitoboe, maana aliyefuta faili kwa kubonyeza kitufe hajafuta kitu.

Tarakilishi yangu ya 2001 niliipeleka huko pamoja na kiwambo chake, na modemu nne. Diski mbili za Aprili 2007 zingali kwenye droo. Fundi mmoja huniambia kila mwaka kwamba zana zinaboreka.